Mtungi wa Samaki Watatu

Salima, mama yangu,

Utashangaa kuona mwandiko wangu umejaza kurasa. Tangu uzaliwe hujaniona nikiandika kitu kirefu kuliko jina la mteja juu ya boksi. Darasa la saba niliishia, tena hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Lakini kalamu naijua. Ni wewe tu hukuwahi kuniuliza.

Nakuandikia nikiwa dukani, saa tisa alasiri. Wewe umekwenda Kilakala kuwaaga wenzako. Mlango nimeurudishia nusu ili wateja wadhani nimefunga. Ningeweza kukungoja urudi nikuambie kwa mdomo, ila unanijua. Mdomo wangu ukikutana na jambo zito unalitia utani, watu wanacheka, na jambo linapita hapo hapo bila kusemwa. Karatasi haichekeshwi. Nimejaribu tangu asubuhi, imekataa.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji na za namna ya kuishi na mwenye nyumba, mama yako amekwishakuambia, na kesho atakuambia tena dirishani mpaka treni iondoke. Huko mimi sina la kuongeza. Wala sitakueleza habari za Tabora unakokwenda kuanza kazi, ingawa najisifu kila siku kwamba ni kwetu. Leo nakwambia ukweli, Tabora nimelala siku tatu tu maisha yangu yote, kwenye msiba wa babu yako mdogo, na siku mbili katika hizo niliumwa tumbo. Utakapokaa wiki moja kule utakuwa Mnyamwezi kunizidi mimi.

Nina jambo moja tu. Ni la mtungi.

Kabla sijafika huko, niache nijisifu kidogo, maana baada ya hapo sitapata nafasi. Katika mji huu hakuna sebule ya maana ambayo sijaitia mkono. Zile hoteli mbili za upande wa mlimani, vyombo vyote vya mapokezi nilivipanga mimi. Yule daktari mstaafu mwenye kauri nyeupe ukuta mzima, nilimkuta ameweka maua ya plastiki kwenye bakuli la kunawia mikono. Nimefika Muscat. Nimefika Guangzhou, nikakaa na watu wanaochemsha mitungi mipya kwenye majani ya chai ili ionekane ya mababu, nikala nyoka nikaambiwa ni samaki, nikaomba aongezwe. Mtu akinionyesha chombo nikakigonga kwa ukucha, namwambia kama ni cha zamani au cha juzi, na sijakosea mara nyingi.

Na hayo yote yalianza kwa kosa. Kile chombo cha shaba cha miguu mitatu unachokiona kwenye rafu ya juu, ambacho watu wanadhani nakataa kukiuza kwa maringo, nilikipata nikiwa utingo wa lori. Mjane mmoja wa shamba la mkonge alikuwa anahama. Tulimbebea makasha siku nzima, na jioni akanikabidhi kile chombo mikononi. Kilikuwa cheusi, kina ukijani ukijani kama chura. Nikaona amenipa uchafu. Nikakisugua kwa majivu na ndimu siku mbili, mpaka kikang'aa kama kengele ya baiskeli. Kisha nikakipeleka Dar kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa ananunua vitu vya kale. Akakigeuza, akavua miwani.

"Kijana, umekiogesha?"

"Ndiyo mzee, kilikuwa kichafu."

"Umemwogesha babu mpaka umemchuna ngozi," akasema, akanirudishia.

Ile rangi nyeusi ndiyo iliyokuwa umri wake. Mimi niliondoa umri nikabakiza bati. Lakini yule mzee hakunifukuza. Alinikalisha, akanifundisha, na nilirudi kwake miaka mingi. Kwake ndiko nilikojifunza kwamba chombo kimoja kizuri kipewe nafasi yake, kisibananishwe na vingine kama watu wa msibani. Kwamba shaba ikae mahali jua la asubuhi linapita, isimulikwe na taa. Kwamba kauri ya buluu haipendi ukuta wa buluu. Na kwamba chombo chenye ufa, upande wa ufa ugeuziwe ukutani.

Hilo la mwisho nimelishika kuliko yote, mama. Nimelishika mpaka nyumbani.

Sasa mtungi. Ule wa kauri, wenye picha ya samaki watatu, uliingia nyumbani kwetu siku moja na mama yako. Bibi aliushusha kutoka Mkuyuni ameukumbatia kama mtoto mgonjwa, akauweka juu ya kabati, akaniambia, "Mkwe wangu, huu umekuja na mwanangu, utaondoka na mwanawe." Nikaitikia, "Ndiyo mama," kama mtu anayeitikia salamu. Unaijua habari yake. Bibi mzaa bibi yake alimuuguza mfanyabiashara wa pwani aliyezidiwa na homa njiani, na yule mtu alipopona akamwachia ule mtungi. Tangu hapo, binti wa kwanza wa nyumba ile akitoka kwenda kuanza maisha yake, hukabidhiwa. Asubuhi ya kwanza kwake, maji ya kwanza anayokunywa hutoka humo.

Mimi nimelelewa kambini kwa wakata miwa, na babu yako alinifundisha kwamba kilichomo ndani ya nyumba ya mwanamume ni cha mwanamume. Huku kwa kina mama yako mambo ni mengine. Shamba ni la upande wa mama, ukoo ni wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Nilikuwa nalijua hilo. Nalijua kama ninavyojua kwamba China kuna ukuta mrefu. Sikuwa nimewahi kuugonga kwa kichwa.

Ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimetoka Dar, na huko kwenye hoteli moja nimeona mtungi wa Kichina umegeuzwa taa ya mezani. Waya umeingia kwa chini, balbu juu, na kofia ya kitambaa. Niliuzunguka mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Na Jumapili ile Bibi na mjomba wako walikuwa wanakuja kututembelea. Nikajisemea, watakuta mtungi wao unawaka, na watajua binti yao ameolewa na mtu wa aina gani.

Jumamosi mama yako akaenda sokoni. Wewe ulikuwa umelala mkekani. Nikaazima drili kwa jirani yetu fundi umeme, drili ya kutobolea kuta, nikaulaza mtungi kifudifudi juu ya godoro, nikaanza. Leo naweza kukueleza kwamba kauri hutobolewa kwa ncha ya almasi, ndani ya maji, kwa mkono mwepesi kama unamnyoa mtoto mchanga. Wakati ule nilikuwa najua kila kitu, kwa hiyo sikuuliza.

Tundu likatoka, la duara, safi kabisa. Nikatabasamu. Nilipoinua drili nikasikia mlio mdogo, kama mtu amekata ukucha. Ufa ulianzia kwenye tundu, ukapanda tumboni, ukamkata mkia samaki wa kati, ukatokea shingoni. Kipande cha mdomo, ukubwa wa kijiko, kikaanguka sakafuni.

Unajua nilifanya nini kwanza? Nilirudisha drili. Niliusimamisha mtungi chini kando ya kabati, nikafuta vumbi, nikampelekea jirani drili yake na kumshukuru. Nimesamehewa mengi na nimejisamehe mengi, lakini hiyo drili bado huwa naiona.

Niliporudi, ulikuwa umeamka. Umekaa sakafuni, umeshika kile kipande, unajaribu kukirudisha mahali pake. Na mama yako akaingia nyuma yangu na kikapu.

"Salima, umefanya nini?"

Ulimtazama mama yako. Kisha ulinitazama mimi, na ulinitazama kwa muda. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema, nafasi pana kama uwanja wa mpira. Nikasema, "Usimpige, mama Salima. Ni mtoto huyo."

Ndiyo maneno yangu, sikuongeza wala kupunguza. Miaka mingi nilijitetea kwamba sikusema umevunja wewe. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ni uongo mbaya kuliko mwingine wowote niliowahi kusema, nami nimewahi kumwuzia mtu mtungi wa chai. Mama yako hakukupiga. Jioni aliwasimulia majirani jinsi mume wake alivyo na huruma.

Jumapili Bibi aliupangusa mtungi kwa upindo wa kanga, akakupakata. Mjomba wako ndiye aliyesema, kwa utani tu, maana sisi na wao ni watani, "Mikono ya Kinyamwezi hiyo. Imezoea kubeba pembe za ndovu, kauri wapi na wapi." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwapita wote. Binamu zako wakaanza kukuita Mikono, na mpaka leo kuna wanaokuita hivyo bila kujua jina hilo lilikotoka.

Mimi nikauchukua mtungi nikasema nakwenda kuutengeneza, kazi yangu hiyo. Nikagundisha ufa, nikaziba tundu kwa saruji nyeupe, nikabandika kitambaa cha kijani chini ili kisionekane kitu. Nikaurudisha juu ya kabati, nikaugeuzia ukutani, na nikatangaza kwamba asiguse mtu.

Kisha nikakaa nakutazama ukikua. Nilikuona ukibeba kikombe cha chai kwa mikono miwili, na ulikuwa na miaka kumi na mbili. Kwenye shughuli za nyumbani wenzako wakipewa sahani za wageni, wewe ulikuwa unakwenda mwenyewe upande wa masufuria kabla hujaambiwa. Ulipochagua kusomea maabara nilishangaa, mtu asiyetaka kugusa bilauri anakwenda kushika vioo vyembamba kama ganda la yai kutwa nzima. Siku ya mahafali mwalimu wako alinishika mkono akaniambia, "Mzee, huyu binti yako miaka yote hajavunja hata kimoja." Nilitoka nje. Mama yako alinifuata, nikamwambia ni vumbi.

Ningeendelea hivyo hivyo, mama, nakwambia bila kujipamba. Lakini wiki iliyopita mezani mama yako alisema Bibi atashuka siku ya safari yako kukukabidhi mtungi, na wewe ukaweka kijiko chini. Ukasema, "Mpeni mdogo wangu Rehema. Mie niliuvunja, sistahili kuupokea." Mama yako akasema ulikuwa mtoto. Ukasema, "Hata hivyo." Na baba yako, msafiri wa Guangzhou, akaomba aongezewe mboga.

Usiku ule sikulala, na kulipokucha nikapanda bodaboda hadi Mkuyuni, nikakwea kwa miguu kile kilima cha kwa Bibi ambacho kila mwaka kinaongezeka urefu. Nilimkuta anaanika pilipili manga uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Salima. Umekuja bila simu, amekufa nani?"

"Hajafa mtu."

"Basi kaa, usinikanyagie pilipili."

Nikamweleza yote, drili, godoro, jirani, maneno yangu. Hakuinua uso, anachambua tu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Miaka ishirini."

"Ishirini."

"Na kila Idi unakuja hapa unakula wali wangu."

Nilikuwa na mzaha mmoja mzuri sana kuhusu ule wali, nikaumeza.

"Sasa mie unaniambia ili iweje?" akasema. "Aliyebebeshwa ni mie? Mimi nilipoteza mtungi tu. Shuka ukamwambie mwenyewe, kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Na siku ya kumkabidhi mtungi nitakupa nafasi useme mara moja mbele ya watu wote, na binamu zake wawepo, kisha ukae kimya."

Nikainuka. Nimefika mwanzo wa njia akaniita.

"Baba Salima. Toka nyumbani mpaka stesheni, utaubeba wewe. Kichwani. Na usikodi gari."

"Mama, mjini pale watu wananijua."

"Ndiyo maana."

Basi kesho jioni, kama utakubali kuupokea, utamwona baba yako anapita sokoni na mbele ya duka lake mwenyewe na kata ya kanga kichwani na mtungi juu yake. Ukicheka sitakulaumu. Wauza vitunguu watanikumbuka kwa hilo kuliko kwa hoteli zangu zote mbili. Nimefanya mazoezi hapa dukani kwa ndoo, shingo inauma.

Maagizo ya Bibi nimeyavunja mahali pamoja. Mama yako nilimwambia jana kabla yako, kwa sababu asubuhi aliniuliza kwa nini nimekonda, nikashindwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa chai bila sukari. Sijauliza.

Kuna la mtungi wenyewe. Saruji yangu ya miaka ile haikuwa kitu, ukiweka maji yanalia tone moja moja. Ungeupeleka Tabora, asubuhi ya kwanza ungekuta sakafu imekunywa kabla yako. Kwa hiyo siku nne zilizopita nilikishusha chombo changu cha shaba kutoka rafu ya juu, nikakipeleka kwa fundi wa kuchonga vyuma kule karakana, nikamwambia akate mguu mmoja.

"Mzee, una uhakika? Hiki si ndicho unachowatambia watu?"

"Kata."

Kutoka kwenye ule mguu amechonga bolti na nati yake, fupi, ya kichwa kipana. Nimeichokonoa saruji yote, nikaosha tundu, nikapitisha bolti na vipande viwili vya mpira, kimoja ndani kimoja nje, nikaikaza kwa vidole tu, kwa mkono ule wa kumnyoa mtoto mchanga ambao nimechelewa kuupata. Ufa nimeugundisha upya. Sikuupaka rangi. Chombo changu sasa kimesimama kwa miguu miwili na kipande cha tofali. Kimependeza zaidi, usimwambie mtu.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako uisome leo. Ukimaliza, nenda sebuleni, mtungi nitakuwa nimeuweka mezani, bila maji. Ulaze juu ya mto, utazame chini yake. Kitambaa cha kijani nimekibandua. Utaona kichwa cha shaba. Kifungue, kimekazwa kwa vidole tu, uone ukingo wa tundu. Upitishe kidole. Ni duara, Salima. Mtoto wa miaka minne havunji chombo kwa duara. Sikutaka uniamini kwa maneno, maana maneno yangu ndiyo yaliyokufikisha hapa.

Nilikuwa nimeujaza maji tangu juzi, nikausimamisha juu ya gazeti hapa dukani. Kila nikipita nainama natazama, mteja mmoja akaniuliza kama nasoma. Gazeti limebaki kavu.

Kule Tabora sitakupangia pa kuuweka. Nimepanga sebule za watu vya kutosha, hiyo ni yako. Kama utanisikiliza kwa moja tu, usiugeuzie ukutani. Mgeni akikuuliza ule ufa ulitokana na nini, mwambie, na unitaje jina.

Kesho asubuhi nikishasema yangu, mjomba wako atakuuliza mara moja kama unaupokea. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni, kazi ya baba siku hiyo ni kufungua na kufunga. Ukisema hapana, nitajua ni mimi niliyekataliwa, na mtungi utarudi juu ya kabati ukungoje mpaka utakapotaka. Ukisema ndiyo, nyoosha mikono. Hiyo hiyo yako. Haijawahi kuvunja kitu.

Ni mimi baba yako,
mpagazi wako wa kesho.